Krismasi Niliyovaa Sare ya Watu

Nichekeni tu, ndugu zangu. Mimi ni Mganda, nafundisha Kiingereza hapa Mbozi, na hii ilikuwa Krismasi yangu ya kwanza ugenini. Ili nisionekane mgeni, nilinunua kitenge Tunduma, fundi akanishonea gauni la kuburuza.

Kanisani, mama mmoja mzee wa kanisa alinidaka mkono. "Umechelewa, dada! Wahi kiti chako." Akaniketisha mbele, kati ya akina mama waliovaa kitenge kilekile. Nikajisemea, Wanyiha, wenyeji wa hapa, wanajua kupokea wageni!

Waliposimama kuimba Kinyiha ndipo nikajua: nimekaa kwenye kwaya, na kitenge ndiyo sare yao. Nikasimama nao, nikachezesha midomo na kiuno, hata nikaanza kujiona hodari.

Ghafla sauti zote zikakatika. Mwalimu wa kwaya, macho kayafumba kwa utamu wa wimbo, akanyooshea kidole kiti changu. Kumbe ni cha mwimbishaji, yule anayeimba ubeti peke yake! Mwenyewe, kavaa kama mimi, ndiyo kwanza alikuwa anaingia mlangoni. Kanisa zima linanisubiri. Kwa hofu, mdomo wangu ukatoa kile unachotoa kila asubuhi:

"Good morning, class!"

Kwenye mabenchi ya watoto, wanafunzi wangu wakasimama kama mtu mmoja:

"Good morning, Madam!"