Maneno Yangu ku Ukuta, Mutoto Wangu ku Magoti

Niko na haya, na siifiche: bazazi bote ba masomo moja ya hapa Dilala balinisikia, mu baffle kubwa (spika ya micro), nikitukana directeur yabo. Lakini muniache nianzie penye uvumilivu wangu uliishia.

Nilifika ku masomo asubui, juu ya réunion ya bazazi, nikaona mutoto wangu Divine, wa miaka munane, amepiga magoti mu kokoto, uso ku ukuta. Na ku ule ukuta balikuwa bamepaka rangi maneno haya: «Usimuulize mutoto hesabu mbele haujamuuliza kama alikula.» Chini yake: «Savant mumoja wa zamani.»

Bandugu, ule savant, ule mwenye hekima, ni mi!

Ile maneno niliisema mwenyewe, mu audio yenye nilitumia rafiki yangu Mama Béa nikikaanga beignets, mandazi yenye nauzishaka (nikiwa na kasirani, njo vile nasemaka muzuri), Béa akaitumia shemeji yake, shemeji akaandika tu ile phrase, mutu mwingine mwenye sijui akaibandika ku picha ya muzee wa ndevu nyeupe, na kisha juma moja Béa mwenyewe ananirudishia: «Soma hii, ma chère, ni ya savant, itakusaidia na hasira yako.» Kunisaidia na maneno yangu! Ile siku nilicheka.

Ile asubui ya magoti sikucheka. «Divine, ulifanya nini?»

«Nilisema tu ni mama njo alisemaka vile. Tata directeur akasema mi mwongo.»

Directeur alikuwa tayari ameshika micro. «Mama, mutoto wako anadanganya mbele ya darasa yote. Ao na wewe uko savant?»

Bazazi bakacheka. Mama mumoja akapaza sauti toka nyuma: «Savant wa beignets! Ndevu iko wapi?»

Apa njo akili yangu ilinipotea. Pahali pa kubeba mutoto na kwenda, nikasema: «Niko na preuve, ushuhuda kabisa.» Nikatafuta ile audio mu telefone, nikaibandika ku micro.

Sauti yangu ikatoka mpaka ku barabara, ata bataxi-moto bakasimama. «...usimuulize mutoto hesabu mbele haujamuuliza kama alikula!» Bazazi bakaangalia ukuta, bakaniangalia mi. Nilishinda, bandugu! Nilishinda muda wa kumeza mate.

Juu audio haikukuwa imeisha. (Nani anasikilizaka audio yake mwenyewe mpaka mwisho?) «...Na ule directeur mwenye anapigaka batoto juu ya kusinzia, ye mwenyewe anasinziaka mu réunion mudomo wazi, nzi inaweza kuingia mule na kuzaa! Na ule Mama Présidente wa bazazi, wigi yake sawa kuku yenye ilinyeshewa...»

Nikafinya écran ya telefone, lakini imepasuka tangu zamani, haisikie kidole. Nikafinya tena, sauti ikaongezeka. Nikaingiza telefone mu kifua, ikaendelea kusema mule mule ndani ya blouse, na micro ilikuwa karibu. Mama Béa akafunika uso na kitenge. Mama Présidente, mwenye alikaa mbele kabisa, akashika wigi yake na mikono mbili.

Directeur akaniuliza polepole: «Mama, na ile ingine pia ni ya savant?»

Nikapiga hesabu haraka. Nikikana ile ya mwisho, ya kwanza nayo inapotea, na mutoto anabaki mwongo.

«Hapana, tata. Yote ni yangu.»

«Basi mutoto arudi ku magoti, juu ya adabu ya mama yake.»

Nilimushika Divine mukono, tukatoka. Mpaka leo batu ba Dilala bakiniona banafungua mudomo na kufanya sawa banasinzia. Nimeapa: audio yangu haitasikika tena mbele ya batu kama sijaisikiliza yote, mpaka ku pumuzi ya mwisho. Lakini haya yangu ni kintu kimoja, magoti ya mutoto ni kintu kingine. Keshoyake nilipeleka plainte, mashitaka ya kuandika, ku bureau ya inspection ya masomo, na signature yangu:

«Bwana Inspecteur, maneno juu ya usingizi na wigi nilisema mimi, na ninaomba musamaha kwa directeur na kwa Mama Présidente. Ku ukuta, muache ule savant, sitafuti jina. Lakini mutoto wangu Divine alisema kweli, na alipigishwa magoti. Ninaomba directeur amwambie vile mbele ya darasa yake yote, na sauti ile ile yenye alimwita mwongo.»