Jicho Lililojificha Nyuma ya Kamera

Mume wangu anaitwa Jicho Moja, na macho yake yote mawili ni mazima. Jina alipewa na wateja, kwa sababu akiwa kazini jicho la kushoto amelifumba na la kulia amelizamisha kwenye kamera kutwa nzima. Anapiga video za harusi, mahafali na mazishi. Mimi ndiye ninayezikata na kuziunga kwenye kompyuta, katika chumba chetu nyuma ya duka la kinyozi, ambako feni ikiwashwa lazima printa izimwe. Mimi wananiita Mama Mkasi. Yeye anapiga, mimi nakata, na ugomvi wetu mwingi uko hapo katikati.

Maana mtu akitulipa kwa harusi anataka kuona magari, keki na shangazi zake walivyopendeza. Jicho Moja huniletea mikono. Mikono ya baba wa bwana harusi ikivunja kijiti cha meno vipande vipande chini ya meza. Koo la kaka wa bibi harusi likimeza mate. Kisigino cha bwana harusi mwenyewe kikitetemeka, na huko juu uso umekazwa kama wa mlinzi getini.

"Uso wa mwanamume ni duka lililofungwa," aliniambia siku nilipomfokea. "Ukitaka kujua kilichomo, zunguka uani."

Nikamjibu kwamba wateja hawalipi ili wazungushwe uani, nikakata. Ila vipande vingine nilivitazama mara mbili tatu kabla ya kuvitupa, nisiseme uongo.

Huo uso uliofungwa aliujulia nyumbani. Baba mkwe wangu alikuwa askari wa magereza mpaka alipostaafu, na wanawe aliwalea kama wafungwa wenye kifungo kirefu. Aliyelia alichapwa kwa kulia, kisha akachapwa tena kwa kulia alipochapwa. Mwanamume ni kujikaza, basi. Kaka mkubwa, shemeji yangu, alilishika somo vizuri: leo ni msimamizi wa ujenzi, na akiita fundi aliye ghorofa ya nne hahitaji simu. Mume wangu alifeli. Machozi yake yako karibu, hata wimbo wa redioni humtoa. Ndiyo maana anaing'ang'ania kamera yake ya zamani, ile yenye kikombe cha mpira pale jicho linapokaa. Mpira ule huziba kila kitu. Mtu anaweza kulia humo katikati ya umati, na wote wakaona fundi yuko kazini. Tulipopata kamera mpya, ya kioo kinachofunguka pembeni, aliishika siku moja tu akairudisha kwenye mfuko.

"Hii inaniacha uso wazi," alisema. Sikumcheka, japo mdomo uliniwasha.

Wifi yangu alipoolewa, Jicho Moja alipiga bure, ndugu hawalipishani. Wageni walipokwisha kumsindikiza bibi harusi, baba mkwe alibaki peke yake uwanjani katikati ya viti vitupu. Mume wangu alikuwa mbali, karibu na geti. Akavuta lenzi mpaka mkono wa mzee ukajaa picha yote. Ulikuwa unapapasa kiti alichokalia binti yake, pole pole, unakunjua mikunjo ya kitambaa, unarudi, unakunjua tena pale ambapo hapakuwa na mkunjo. Uso haukuonekana hata kidogo. Usiku ule maji yaliisha kwenye tangi, vyombo vikalala vichafu, na sote tukawasema wageni.

Kipande kile nilishindwa kukikata. Siku tuliyokaa familia nzima kuitazama harusi, mkono ulitokea kwenye televisheni. Baba mkwe alisimama.

"Nani alikutuma unichungulie?"

"Baba, hata uso wako hauonekani," mume wangu alisema.

"Uso ungeuonyesha tu! Uso wangu naujua, nauongoza mwenyewe. Huo mkono uliniomba ruhusa?" Akanyoosha kidole mlangoni. "Kazi yako ni ya mwanamke aliyekaa dirishani. Kitoe hicho, na wewe toka."

Nilikitoa kwa amri yake, kwenye kompyuta na kila mahali. Mume wangu naye alitoka. Tangu hapo, tukija kumsalimia mama mkwe, mzee alihamia chumbani na gazeti lake. Salamu ya mume wangu aliijibu kwa mlango. Ilikwenda hivyo miaka, hadi moyo wa mzee ukasimama asubuhi moja akifunga kamba za viatu.

Siku ya mazishi wanaume wa familia walijipanga kubeba jeneza. Nafasi moja ilikuwa ya mume wangu, mbele, bega kwa bega na kaka yake. Akafika na kamera.

"Weka hilo dude chini, ushike hapa," shemeji alimwambia.

"Mimi napiga, kaka."

"Mtoto wa kiume anaacha jeneza la baba yake anashika kamera? Watu watasemaje?"

"Mtaona kwenye video. Nitamzika baba vizuri kuliko mabega yenu."

Nafasi ikachukuliwa na jirani. Shemeji alimeza hasira kwa sababu ya watu, lakini sote tulielewa kwamba mume wangu ameweka rehani nafasi yake katika familia ile. Video ikiwa nzuri, ni mwana aliyemzika baba yake kwa ufundi wake. Ikiwa mbaya, ni mwana aliyekimbia jeneza.

Kwa siku kadhaa nilikuwa jikoni na wanawake wenzangu, nikipikia waombolezaji. Kompyuta sikuigusa. Jioni moja, tukiwa ndugu tu sebuleni kwa mama mkwe, shemeji alisema anarudi kazini kesho yake, anataka kuona mazishi ya baba kabla hajaondoka.

"Shemeji, bado sijaikata," nikamwambia. "Hata sauti sijaisafisha."

"Tunataka kuona maziko, si kula keki. Weka."

Nilimtazama mume wangu. Yeye huwa hatazami alichopiga, hunikabidhi tu. Akainua mabega. "Weka, wakione."

Mwanzoni picha ilikuwa safi: geti, viti, watu wakishuka garini, viatu vya wabebaji vikizama kwenye udongo mbichi. Shemeji akatikisa kichwa kukubali, nami nikapumua. Kisha jeneza likafika kaburini na picha ikaingia ukungu. Watu wakawa madoa, jeneza likawa doa la kahawia linashuka katika doa jeusi. Nilielewa upesi, maana nimeishi na kazi hii. Jicho Moja haiamini kamera ijiweke sawa yenyewe. Huzungusha pete ya lenzi kwa mkono, hadi jicho lake lione vizuri. Na siku hiyo jicho lilijaa maji. Kila alipoona ukungu aliizungusha tena, akizidi kuipoteza picha, na baba yake anashuka.

"Imeharibika?" wifi aliuliza. "Mbona hatumwoni baba?"

Shemeji akaongeza sauti ili angalau asikie wasifu wa marehemu. Hapo ndipo tukasikia kingine. Maiki ya kamera ile iko karibu na mdomo wa anayepiga. Mimi huiondoa sauti ya pumzi zake kwanza kabisa, kabla ya kugusa chochote. Mtu alikuwa analia. Kilio cha kuuma meno, kinachotokea puani, kikikatika na kuanza upya, kikubwa kuliko sauti ya msomaji.

"Nani huyo analia kama kitoto?" shemeji aliwauliza wanawake.

"Ni mimi," mume wangu alisema.

Alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo karibu na mlango, mikono mitupu, macho yote mawili wazi mbele ya watu. Nilitamani nikimbie nikamletee kamera yake.

"Jeneza ulikataa," shemeji alisema. "Tukanyamaza, tukasema anapiga. Kumbe picha hakuna, kuna hii aibu. Baba angekuwepo angekutoa mara ya pili." Akaelekeza rimoti kwenye televisheni.

"Usizime," mama mkwe alisema.

Tuligeuka. Tangu msiba uanze hakuwa amesema zaidi ya kuitikia pole.

"Baba yenu alikuwa analia hivyo hivyo. Bafuni, bomba likiwa wazi ili nisimsikie. Nilikuwa namsikia." Alizungumza akitazama ukungu. "Mkiwa wadogo mliniuliza mbona baba anaoga sana. Nikawaambia kazi ya magereza ina uchafu mwingi. Siku aliyoolewa dada yenu alifungua bomba mpaka tangi likakauka. Na wewe," akamgeukia mume wangu, "kila ulipokuja kusalimia, ukiondoka tu, alikwenda kuoga."

"Mama. Miaka yote ile. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningemwambia nini baba yenu? Kwamba nimemvua nguo mbele ya watoto wake?"

Mume wangu akafunika uso kwa viganja, akalia bila kitu cha kumziba. Kilio kimoja kilitoka kwenye televisheni, kingine kwenye kiti, na vilifanana. Nilikwenda nikachuchumaa karibu naye. Nilimchukia mzee, nikamhurumia, na sikujua niweke wapi kimojawapo.

Shemeji aliweka rimoti mezani taratibu. Alisema anakwenda kunawa mikono, ingawa hakuna aliyekuwa amekula. Tulisikia mlango wa bafuni ukifungwa kwa komeo, kisha bomba likafunguliwa hadi mwisho.

Maji yakaendelea kumwagika. Mama mkwe aliisogeza rimoti karibu, akaongeza sauti ya televisheni, ili mwanawe mkubwa asisikike.