King'ora cha Mapanki

Kiwanda cha samaki cha mtaani kwetu hapa Musoma kinagandisha minofu kwa amonia. Gesi hiyo ikivuja inaweza kumkaba mtu koo hadi afe, na nyumba ya mama yangu imepakana na ukuta wa kiwanda. Nilipochaguliwa katibu wa kamati ya maafa ya mtaa, sikuhitaji kubembelezwa. Mama ana goti bovu, na mimi ni mwoga wa kuzaliwa.

Mpango tuliuandika wenyewe: king'ora cha kiwanda kikilia, watu watazame upepo unakoelekea wasiifuate gesi, wapande hadi uwanja wa shule. Niliusoma nyumba kwa nyumba mpaka sauti ikanikauka.

Siku ya mazoezi king'ora kikalia. Mtaa mzima ukatoka mbio na mabeseni, moja kwa moja hadi geti la kiwanda. Nilipandwa na hasira, kisha nikacheka mpaka nikakaa chini. King'ora hicho ndicho hulia mapanki yanapotoka, yaani mifupa ya sangara iliyokwisha kutolewa minofu, na anayechelewa hukuta mikia. Aliyetangulia wote ni mama, na goti lake.

"Mama, si nilikueleza jana?"

"Ulinieleza, mwanangu. Lakini miaka yote nilikuwaga nakisikia, miguu inatangulia."

Afisa wa zimamoto aliyekuja kusimamia mazoezi alituhesabu wote marehemu.

Kina mama ndio waliotuokoa. Walimfuata meneja wakamwambia mapanki yatangazwe kwa kugonga ndoo getini, king'ora kibaki cha hatari tu. Waligoma kutoka ofisini mpaka alipokubali.

Mazoezi ya pili yalinikuta sokoni. Upepo sikuutazama. Nilikimbilia kwa mama nikakuta mlango umefungwa, nikakimbia hadi getini nikimwita kwa sauti. Hapakuwa na mtu. Nilifika uwanja wa shule nahema, nikamkuta ameketi kivulini na jirani tuliyempangia amshike mkono. Walifika kabla ya wote.

Afisa akafungua daftari. "Leo marehemu ni mmoja. Katibu."

Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Mama hakucheka. Alinivuta karibu akasema polepole:

"Siku ikiwa ya kweli, usinifuate. Mimi nitakuwa nimeshatoka. Nikisikia umenifuata kule, nitarudi kukutafuta."