Marufuku Kugonga Bodi

Mjomba wangu ameendesha lori la vyakula miaka ishirini na tatu: maziwa na mboga asubuhi, nyama mchana, dirisha wazi kwa sababu ya joto, injini ya dizeli ikinguruma chini ya kiti chake. Masikio yalimwishia kidogo kidogo. Waliojua ni wawili tu, mkewe na mpakiaji wake, ambaye kila mtu anamwita Ngumi.

Wakati wa kuegesha, Ngumi aligonga bodi ya lori. Pigo moja, rudi nyuma. Mawili, simama. Mjomba hakuyasikia, aliyapata mgongoni kupitia kiti. Madereva wenzake walimsifu: "Huyu hata umfunge macho anaegesha."

Kisha yakaja malori ya umeme. Nilishangilia, na sijuti. Moshi uliokuwa ukiingia kwenye madarasa ya watoto wetu umetoweka. Lakini bodi za malori haya ni nyembamba, na ubavuni zimeandikwa kwa rangi nyekundu: MARUFUKU KUGONGA BODI. Sasa mpakiaji hubonyeza kengele, nayo hulia kwa dereva.

Ukatangazwa mtihani wa kurudi nyuma kwa kengele. Asiyefaulu hashiki tena usukani. Jumapili mjomba alikaa jikoni, mkewe akimlizia kengele ya simu kisogoni.

"Hiyo?"

Mkewe akaja mbele yake ili amwone midomo. "Bado sijabonyeza, baba watoto."

Akarudi nyuma. Mjomba akasubiri.

"Vipi, umelala huko?"

"Nimebonyeza mara nne." Wakacheka wote, kisha mkewe akaacha. "Waambie ukweli."

"Nikisema, wananitoa barabarani. Nisiposema, siku moja nitamkanyaga mtu. Nionyeshe mlango wa tatu, mama, nipite."

Mkewe akarudi kisogoni, akabonyeza tena.

Siku ya mtihani, mkufunzi alisimama kando na karatasi zake. Lori likaanza kurudi, halina hata mnong'ono. Ngumi akabonyeza mara mbili. Lori likaendelea. Akabonyeza tena. Zikabaki hatua mbili lifikie kreti za mayai. Ngumi akaitwanga bodi mara mbili, na lori likasimama hapo hapo.

"Wewe, hujui kusoma?" mkufunzi akamuuliza.

"Mazoea, bosi. Mkono huu una kichwa chake."

"Basi utie mfukoni. Rudieni, kengele nabonyeza mimi."

Mjomba aliwaona kwenye kioo: mkufunzi ameshika kengele, Ngumi ameinamisha kichwa, mikono mfukoni. Nyuma yao mama mmoja alikuwa ameinama akizipanga zile kreti. Mjomba akazima lori, akashuka.

"Sisikii," alisema. "Injini zenu zimenimaliza masikio."

Ofisini alikuta fomu imeshajazwa. Angehamishiwa stoo kuosha kreti, mradi atie saini. Mbele ya maneno "chanzo cha tatizo", karani alikuwa ameandika neno moja: uzee.

"Nina miaka arobaini na saba," mjomba akasema. "Andika dizeli."

Karani alitikisa kichwa, akasema polepole ili midomo yake isomeke: "Mzee wangu, nikiandika hilo, fomu hairudi kutoka kwa wakubwa. Na bila fomu hakuna stoo."

Mjomba aliitazama fomu mpaka karani akaanza kuhudumia mtu mwingine. Kisha akasaini.

Sasa anaosha kreti, ameupa mlango mgongo. Anayemhitaji humfuata mpaka pale alipo, akamgusa bega, naye hushtuka kila mara.