Uji wa Ndege wa Umbilo

"Mbona hawa ndege hawaendi kwenye joto?"

Nyanya, mama yake mama, aliniuliza hivyo tukiwa dirishani. Nilikuwa darasa la kwanza. Swali limenirudia wiki hii kwa sababu upepo wa milimani umeshuka tena Durban, na nje ya chumba ninachopanga Glenwood ndege wamejikunyata kwenye waya, hawana habari na mtu.

Wakati ule tuliishi Umbilo, vyumba viwili nyuma ya nyumba ya watu, tukitazamana na bustani ambayo haikuwa yetu. Theluji ilikuwa imeanguka milimani, sisi tukaletewa upepo wake. "Baridi ya huku iko na meno," nyanya alisema, akanivalisha soksi mikononi. Mama alikuwa hospitalini kujifungua. Nilikuwa nimeshamwachia mtoto nafasi kitandani, upande wa ukutani.

Mama alirudi na mkoba wake tu, akaingia kulala. Nilipouliza mtoto yuko wapi, nyanya alinigeuza uso kuelekea nje. "Tazama ndege."

Nikatazama. Hadeda, wale wakubwa wenye sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta, walidunga nyasi kwa midomo mirefu. Shore wenye vichwa vyeusi waligombea papai lililooza. Wale wadogo wa kijani, wenye duara jeupe machoni, walibanana tawini hata usijue mmoja anaishia wapi. Sikulia. Sikumbuki kuhisi kitu isipokuwa kioo baridi puani.

Kwa watu wa nyanya, mtoto anayekufa kabla ya kupewa jina haliliwi. Hakuna matanga, hakuna anayekuja kutoa pole, na hatajwi. Kwa hiyo wanawake wa kanisani, Wakongo wenzetu, walipofika na sufuria iliyofungwa taulo, nyanya hakuwaambia lolote. Ulikuwa uji wa mtama na karanga, ule wa kumletea mzazi maziwa.

"Mama, anywe ukiwa moto."

"Aksanti, mabinti. Analala."

"Muache alale. Na wewe, mlinzi wa ndege, leo wameiba nini?"

"Hakuna."

Wakacheka kidogo, wakaenda. Nyanya akaumwaga uji kwenye bati chini ya mti. "Ndege nao iko na njaa." Harufu ya karanga ilijaa bustani nzima. Kesho yake wanawake walirudi na sufuria nyingine, na kesho kutwa pia, mpaka baridi ikakatika.

Chuoni nilijifunza kubishana na kila desturi, na hiyo niliibishia kuliko zote. Nilisema nyanya aliwafanya wale wanawake wajinga, wakisaga karanga zao kwa ajili ya ndege. Nyanya hayupo tena kunijibu. Bustani imemwagiwa saruji, magari yanaegeshwa pale.

Mwaka jana, nyumbani kwa mama, kule Queensburgh, tulikuwa tukichambua sombe, majani ya muhogo, nikamwuliza kama wale wanawake waliwahi kuambiwa.

"Nani awaambie? Walijua."

"Sasa mbona walileta uji?"

"Pole hairuhusiwi," alisema bila kuinua macho. "Wangekuja na nini kingine?"

Mmoja wao alikuwa akifanya usafi katika wodi alimolazwa mama. Yeye ndiye aliyemvisha mtoto.