Karata za Kaskazini Mfuko wa Kusini

Wiki ya tano tangu amzike mumewe, fundi cherehani aliingia ukumbi wa briji, ule mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili, saa nane mchana, akaketi kama mtu anayesubiri zamu ya daktari. Hakuwa na huzuni. Hakuwa na chochote. Waliompa pole aliwajibu "nimeshapoa," mdomo ukifanya kazi peke yake.

Alikuja kwa jambo moja tu. Yeye na mumewe walikwisha kucheza Jumamosi tano kati ya sita za msimu, moja kila miezi miwili. Kanuni ziliruhusu mbadala siku moja, na leo, akicheza na shemeji yake, akifikisha asilimia hamsini na tatu, jina la marehemu lingeandikwa kwenye ubao wa mabingwa. Mzee wa watu alilitamani hilo miaka ishirini.

Asilimia za briji hazijali bahati. Karata zilezile huzungushwa meza zote tisa, ndani ya kibao chenye mifuko minne, mmoja kwa kila mchezaji. Kisha unapimwa na jozi nane zilizoshika karata kama zako: kila unayoizidi inakupa alama mbili, mkilingana moja. Ukizizidi sita na mbili zikakuzidi, una kumi na mbili kati ya kumi na sita, yaani sabini na tano kwa mia. Usije ukamlilia mtu kwamba ulipewa karata mbovu. Wenzako walipewa hizohizo.

"Shemeji, leo niachie mimi kiti cha kaskazini, niandike matokeo," shemeji alimwambia. "Wewe pumzisha kichwa."

Nia njema nayo huponza. Miaka yote kaskazini alikaa yeye, kusini mumewe, na kwa kuwa mikono ya mzee ilitetemeka, yeye ndiye aliyerudisha karata za wote wawili mifukoni. Kwenye kibao cha kumi na moja alizirudisha vilevile alivyozoea, zake mfuko wa kaskazini na za shemeji mfuko wa kusini, wala hakugundua.

Mwamuzi, mwalimu mstaafu, alimwita pembeni mwishoni.

"Mama, mna hamsini na tatu nukta sita. Ila mlibadilisha mifuko kibao cha kumi na moja, mkawaharibia waliofuata. Adhabu yake ni kama asilimia moja." Akashusha sauti. "Wale nimewapa asilimia sitini ya fidia, wameridhika, hawaulizi nani alikosea. Naweza kufumba macho."

"Marehemu ungemfumbia?"

"Yule? Angenigombeza mpaka nihame mji."

"Basi kata."

Akakata. Karatasi ya matokeo ikabandikwa ukutani: hamsini na mbili nukta sita, na mbele yake jina lake na la mumewe.

"Mwalimu, aliyecheza ni shemeji."

"Lo! Nisamehe mama, ni mazoea. Lete nisahihishe."

"Nipe kalamu."

Alilikata jina la mumewe kwa mstari mmoja, akaandika la shemeji juu yake, kwa mwandiko mzuri. Kisha akalia palepale, kwa sauti, mbele ya meza zote tisa, na shemeji akaacha chai yake akaja kumshika.