Supu ya Pua Iliyoziba

Sisi tuliokulia kambi ya wakimbizi ya Nakivale enzi za nyumba za turubai hatukujua kitu kinachoitwa sinusi. Tulijua pua imeziba, basi. Kiangazi kikifika, vumbi lilitufuata kwenye foleni ya maji, darasani tulikobanana kwenye benchi moja, na uwanjani tulikoruka kamba za migomba mpaka tuitwe kwa ukali. Jioni mashavu yanauma, kichwa kinagonga, ukiinama unahisi uso mzima unataka kudondoka.

Hapo mama alibandika chungu: ndagala wakavu, yaani dagaa, vitunguu saumu, tangawizi aliyoitwanga na maganda yake, na pilipili. Mungu wangu, pilipili! Majirani zetu Wakongo walianza kukohoa kabla hatujapakua. Supu ilimiminwa kwenye sahani moja kubwa ya bati, ugali wa moto kando, nasi sote tukaizunguka, wagonjwa na wazima. Ndiyo, na wazima! "Mwenye mafua haachwi na pilipili peke yake," mama alikuwa akisema, na hakuna aliyenyanyuka mpaka mgonjwa apenge kamasi. Kaka yangu, mzima kabisa, alilia kwa ajili ya pua yangu huku akinilaani, tukacheka, makamasi yakatiririka, na usiku huo nililala mdomo umefungwa.

Sasa njoo hapa Nyamityobora, Mbarara mjini, uone maajabu. Binti yangu Divine ana sinusi wiki nzima. Anaongea kama mtu aliyebanwa pua kwa kibanio cha nguo. Na kesho ndiyo misa ya kumaliza kilio cha mama, mwaka umetimia tangu atutoke, kule kule Nakivale. Wimbo wa Bikira Maria aliokuwa akiupenda ni Divine wa kuuanzisha. Bibi yake mwenyewe alimwomba, akiwa kitandani, na mtoto akakubali. Hakuniomba mimi. Mimi aliniambia tangu nikiwa mdogo, "Wewe mwanangu imba moyoni, Mungu anasikia."

Kwa hiyo nimepika. Jumatatu nimepika, Jumatano nimepika. "Mama, inawasha," ananiambia. Inawasha! Alitaka imbembeleze? Anajifungia chumbani na chipsi na soda ya baridi, eti koo linataka kupoa. Halafu simu ndiyo daktari. Jana ananisomea kutoka nyuma ya mlango, kwa pua yake ile ile, vyakula vya kusaidia sinusi: tangawizi, kitunguu saumu, pilipili, supu ya moto.

"Si ndiyo hiyo iko mezani?" nikamuuliza.

"Ya kwenye simu ni tofauti, mama. Ile wanaichanganya vizuri."

Jamani, nimechoka! Nimempelekea kikombe mpaka kitandani, kimerudi kimejaa, juu kimeganda mafuta.

Leo nimeitoa sahani ya bati ya mama, nikamimina chungu chote, nikaita watu. Baba yake yuko kwenye mpira, hasikii la mtu. Mdogo wake akachungulia, akaniuliza kwa heshima zote: "Mama, mimi sina mafua, nateswa kwa kosa gani?" Divine alikuwa ameziba masikio kwa vile vidude vyao vya muziki. Pua haitoshi, na masikio ameziba.

Enzi zetu nyumba nzima ililia kwa ajili ya pua moja, na kulikuwa na njaa, na turubai lilivuja. Leo tuna friji, tuna dari, na kila mtu anaugua chumbani kwake.

Nikakaa, nikaila. Peke yangu, mpaka bati likaonekana. Machozi yametoka, kamasi zimetoka, pua yangu imefunguka kabisa, nayo wala haikuwa imeziba. Kesho itabidi wimbo wako niuanzishe mimi, mama, na unajua sauti sina.